Mtoto Kwenye Kifua cha Mama Mkwe

Naandika haya kwa ajili ya mwanamke ambaye leo asubuhi amebonyeza mguu wake kwa kidole na kuona shimo limebaki. Katika mimba yangu ya kwanza nilibonyeza shimo kama hilo kwa wiki mbili bila kumwambia mtu. Nilidhani ni uchovu wa kusimama sokoni. Kama uko hapo, soma taratibu. Mimi nilivuka, na mtoto wangu wa baadaye alivuka.

Naitwa Zaina. Nilizaliwa Lokandu, nikaolewa Kindu, mtaa wa Kasuku, na Ramazani, fundi wa kushona. Miaka hiyo kila mwanaume wa ofisi alitaka abakosti, lile koti la Kizaire lisilovaliwa na tai, na cherehani ya bwana wangu haikupumzika. Tuliishi kwa mama yake, Mama Sakina, mjane wa swala na maneno machache, ambaye hata sisi wa nyumbani hatukuwahi kumwona kichwa wazi.

Mimba ya kwanza iliishia mwezi wa nane. Nilianguka nikifua nguo, nikatikisika mwili mzima, na nilipopata fahamu mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Wa pili alizaliwa hai, wa kike, lakini kabla ya wakati wake, mdogo sana. Aliishi siku tatu. Siku ya saba, ya kumpa jina, hakuifikia.

Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Lakini Mama Sakina aliacha kuniuliza kama nimelala vizuri, na wakwe zangu wa Kasongo wakaanza kumtumia Ramazani salamu zisizonitaja.

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza nilijua nina mimba tena. Nilimwambia Ramazani peke yake. Akasimamisha cherehani, akanitazama.

"Safari hii usingojee kuumwa," akasema. "Kesho uende hospitali."

Nikaenda. Benchi la materinite, yaani jengo la wazazi, lilikuwa la ubao mrefu uliong'aa kwa kukaliwa. Muuguzi mkuu, Mama Feza, mnene na mwepesi wa miguu, alinipeleka kwa daktari mgeni. Alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Bandundu, na Kiswahili chake kilikuwa nusu Kilingala. Alikuwa na daftari kubwa la gamba jeusi, akiandika ndani yake kila alichopima, hata wanawake wakamwita Dokta Daftari.

"Mimba ya ngapi, mama?"

"Ya tatu."

"Na watoto ngapi iko nyumbani?"

"Hakuna."

Akaweka kalamu chini. Akasema pole.

Halafu akanieleza anachotafuta. Alitaka kuwafuata wanawake waliopoteza watoto kama mimi, kila wiki, tangu mimba changa hadi siku arobaini baada ya kuzaa. Angepima tansiyo, ile nguvu ya damu kwenye mishipa, na uzito, na mkojo, aone dalili gani zinatangulia ugonjwa. Na mtoto akizaliwa mdogo, angewekwa ngozi kwa ngozi kwenye kifua cha mama yake mchana kutwa na usiku kucha. Kuvezi, sanduku la kioo la kuwatia watoto joto, lilikuwepo pale pale ukutani. Lilikuwa limekufa zamani na Mama Feza alitunzia humo mashuka.

"Na hiyo itaokoa mutoto?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Kama ningejua, singekuomba nikuandike."

Nilikuwa nimepita kwa waganga wengi baada ya watoto wangu wawili, wa mizizi, wa kombe la aya za Kurani na wa vidonge. Wote walijua. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia hajui, na sijui kwa nini hilo lilinipa moyo. Alisema naweza kukataa na bado nitatibiwa kama wengine, na naweza kujitoa siku yoyote. Nikaandika jina langu mahali aliponionyesha.

Nyumbani, Mama Sakina alipopata habari, hakupaza sauti. Alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Wanakuandika kila wiki," akasema. "Na mutoto akikufa, ile nayo wataandika?"

"Wataandika, mama."

"Basi njo ile wanangojea."

Akaendelea na majani yake. Nilimtazama Ramazani aseme neno. Alikuwa ameinamia kola ya mtu, na pini mdomoni. Kwa wiki kadhaa tuliishi hivyo, kila mtu na kazi yake, na kila Jumanne natoka bila kuaga ila kwa heshima tu, "Mama, natoka," naye anajibu, "Sawa."

Jumanne ndiyo ilikuwa siku yangu. Benchi lile lilinifundisha mengi. Wapo waliotoka Lokandu kwa mtumbwi, na mmoja alitoka Obokote juu ya lori la magunia, tumbo limemtangulia. Tulingoja saa nyingi. Aliyekaa karibu nami mara nyingi alikuwa Masika, Mnande, mke wa mfanyabiashara ambaye malori yake yalikwenda Lubutu hadi Kisangani. Alifuma soksi za mtoto bila kutazama sindano. Naye alikuwa amepoteza mmoja.

"Ninyi Waislamu mnajificha mimba," aliniambia siku ya kwanza. "Sisi tunafuma, halafu tunalia na soksi mkononi. Sijui nani ana akili."

Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu nijue nina mimba. Baada ya hapo tulikula karanga zake za kuchemsha kila Jumanne, na mimi nilimletea mikate ya mchele.

Mpunga ulipokuwa unavunwa, mwili wangu ulianza kubadilika. Kwanza miguu, kisha vidole. Asubuhi moja niliamka uso umejaa, macho madogo. Bangili yangu ya fedha, niliyovishwa siku ya harusi, ilizama kwenye mkono mpaka ikabidi Ramazani aikate kwa msumeno mdogo wa chuma, taratibu, ameweka kitambaa chini yake nisiumie. Hospitalini, Dokta Daftari alipima tansiyo mara tatu, akatoa mpira masikioni.

"Leo haurudi nyumbani, mama."

Hivyo nikalazwa. Nililala kwa ubavu wa kushoto wiki tano, nikitazama ufa mmoja ukutani. Chumvi nilikatazwa. Sikudhani Mama Sakina angekuja, lakini siku ya pili alitokea mlangoni na bakuli, amevaa mtandio wake wa kwendea msibani. Nikaonja. Sombe bila chumvi, bila samaki wa chumvi, na mawese kidogo tu.

"Iko namna gani?" akauliza.

"Tamu, mama."

"Usiseme uongo na mimba. Haina ladha. Kula."

Alikuja kila siku baada ya hapo. Hakusema amebadili mawazo. Alikaa, akaningoja nimalize, akaosha bakuli, akaondoka. Ramazani alikuja jioni na kunishonea gauni pana linalofunguka mbele, kwa kipande cha kitenge kilichobaki kwa mteja. Lilikuwa na picha za mwenge na bendera zilizokatika nusu nusu. Niliona ni gauni zuri kuliko yote niliyowahi kuvaa.

Masika naye alilazwa, kitanda cha jirani. Uchungu ulimshika kabla ya wakati, mwezi wa saba wa mimba, akazaa mtoto wa kiume. Walimweka kifuani pake, wakamfunga kwa kitenge. Siku mbili nilimsikia Masika akimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Alhamisi mchana aliacha kuimba.

Dokta Daftari alikuja, akathibitisha, akasimama pale na daftari limefungwa kwapani.

"Andika," Masika akamwambia.

"Si lazima leo, mama."

"Andika mutoto wangu. Ukiandika wale wanaopona tu, daftari yako itasema uongo."

Akaandika akiwa amesimama. Kisha akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona ameegemea ukuta, kijana wa watu, mbali na kwao. Mama Sakina alikuwa ameketi miguuni pangu na bakuli. Alisikia kila neno. Akainuka, akamwendea Masika, mwanamke asiyemjua, akamfunika mabega kwa mtandio wake wa pili, akakaa naye mpaka watu wa Masika walipofika kumchukua.

Siku nne baadaye, asubuhi, niliona vimulimuli mbele ya macho na kichwa kikaniuma upande wa mbele. Nilimwambia Mama Feza. Hilo ndilo jambo la mwisho ninalokumbuka. Kifafa cha mimba kilinishika pale pale kitandani, wakanipasua kumtoa mtoto. Yanayofuata niliambiwa.

Alikuwa wa kike, kilo moja na gramu mia tatu. Alilia mara moja, sauti ndogo, akaanza kupoa. Mimi nilikuwa sina fahamu, mwili umejaa mirija ya serumu, hakuna aliyejua kama nitaamka. Mama Feza alimkausha mtoto, akatoka naye mpaka kwenye benchi alipokuwa Mama Sakina na tasbihi yake.

"Mama, nahitaji kifua."

"Kifua ya nani?"

"Ya muntu yeyote iko na joto. Yako."

Mama Sakina alitazama kile kitu kidogo ndani ya kitambaa. Mama Feza anasema alikitazama muda mrefu kiasi kwamba yeye muuguzi alikuwa anageuka amtafute mwingine. Ndipo Mama Sakina akasema, "Funga mlango." Akavua mtandio, akafungua vifungo vya blauzi, mwanamke wa miaka sitini ambaye hakuwahi kufunua hata shingo mbele ya wageni. Mama Feza akamlaza mtoto katikati ya matiti yale yaliyokwisha kunyonyesha zamani, akamfunika kofia, moja ya zile alizozifuma Masika na kuziacha wodini, akawafunga pamoja kwa kitenge.

"Nitakaa namna hii mpaka lini?"

"Mpaka mama yake aamke."

Niliamka siku ya tatu. Macho yangu hayakuona vizuri, kila kitu kilikuwa ukungu, na nilidhani nimekuwa kipofu. Nikasikia mtu ananong'ona Subhanallah, Subhanallah, polepole, kama anayehesabu pumzi.

"Mutoto iko wapi?" nikauliza.

"Iko hapa," akasema Mama Sakina. "Analala. Usimuamshe."

Sikuwa na maziwa. Matiti yangu yalikuwa makavu na mwili umechoka. Walimpa mtoto maji ya sukari kwa tone, na uzito wake ulishuka kila asubuhi kwenye mizani. Dokta Daftari aliandika bila kunitazama machoni. Ndipo Masika alipokuja. Alikuja kunisalimia tu, kifua amekifunga kwa kitambaa kwa sababu maziwa yake yalikuwa yamejaa na hayana wa kuyanywa. Alitazama mizani, akamtazama mtoto, akaniuliza mimi, si daktari.

"Zaina, nikukamulie?"

Nilimtazama Mama Sakina. Kwetu maziwa si jambo dogo.

"Unajua kama akinywa, weye njo mama yake?" Mama Sakina akamwambia. "Watoto wako wote watakuwa ndugu zake. Hawataoana."

"Mimi sina mutoto wa kuoana na muntu, mama."

"Utapata," Mama Sakina akasema. "Kamua."

Akakamua kwenye kikombe cha bati, na Mama Feza akamnywesha mtoto kwa kijiko, tone baada ya tone. Masika alikuja kila asubuhi kwa siku kumi na mbili, akitembea kutoka dukani kwao, akikaa kwenye kitanda kile kile alichompotezea mwanawe. Siku nyingine alikamua akilia. Hatukumkataza kulia na yeye hakuacha kukamua. Siku ya saba tulimpa mtoto jina, Aziza, na Masika alikuwepo.

Maziwa yangu yalipoanza, na macho yakarudi, nilitaka mtoto wangu. Sasa nitasema jambo ambalo wanawake hawapendi kuandika: nilimwonea wivu mama mkwe wangu. Mtoto alijua harufu yake. Alipowekwa kwangu alihangaika, akilala kwake alitulia. Nilikuwa na mshono tumboni na nilihisi kama mgeni aliyekuja kuomba. Siku moja nilimwambia Mama Sakina kwa ukali anipe mtoto wangu. Alinipa, akatoka kukaa kwenye benchi, na mikono yake haikujua iende wapi. Niliona hivyo kupitia mlango, nikajuta. Mama Feza aliona pia. Akatugawia siku kama anavyogawa dawa: mimi asubuhi na usiku, Mama Sakina mchana, na Ramazani wakati mimi naoga au Mama Sakina anaswali.

Ndiyo, Ramazani. Alifungua shati lake na kumbeba. Jumamosi moja hakwenda salongo, ile kazi ya kufagia mji iliyotulazimu sote, na mkubwa wa mtaa akaja hospitali kuuliza sababu. Alimkuta amekaa kwenye benchi la wazazi, kichwa kidogo chenye kofia kikitokea kifuani pake.

"Citoyen," akasema, maana kila mtu aliitwa raia miaka ile, "unafanya nini?"

"Nafanya salongo," Ramazani akajibu.

Yule mkubwa alisimama, akachungulia ndani ya shati, akaondoka polepole asimwamshe mtoto.

Wiki ya tano Aziza alifika kilo mbili, wakaturuhusu. Nilirudi nyumbani mwembamba, nywele zimekatika mbele, na vidonge vya tansiyo nilivyovimeza miezi mingi. Dokta aliniambia nisibebe mimba nyingine haraka, na kwa ukweli sikubeba tena. Ndugu wa Kasongo waliandika kwamba Ramazani ni kijana bado, aoe wa pili. Barua ilisomwa ukumbini. Mama Sakina aliichukua, akaikunja, akasema, "Wajibu kwamba mjukuu ninaye." Ndivyo Ramazani alivyojibu. Masika alipata mtoto wa kike mwaka uliofuata, mzima, na hadi leo Aziza anamwita ndugu.

Wewe unayesoma, sina elimu ya kukufundisha. Nakuambia tu nilichokiona. Uvimbe wa uso, kichwa kinachouma mbele, vimulimuli machoni: usikae navyo nyumbani kwa sababu ya aibu au kwa sababu mara ya kwanza ulinyamaza. Nenda, kaa kwenye benchi. Wakitaka kukuandika, waulize kwa nini, na wasikilize kama wanajibu. Na kama mtoto ni mdogo na wewe huna nguvu, usiogope kumpa mwingine kifua. Hutanyang'anywa. Mimi niliogopa hivyo, na nilikosea.

Dokta Daftari alihamishwa mwaka mmoja baadaye. Sijui daftari lake lilifika wapi wala lilisema nini mwishoni. Lakini kabla hajaondoka alitimiza ahadi ya siku arobaini na zaidi. Mvua za mwaka ule zilikuwa zinakaribia kwisha, Aziza ana miezi mitatu, alipokuja nyumbani kwetu mara ya mwisho, na mizani yake imefungwa nyuma ya baiskeli. Alimkuta Mama Sakina uani, kwenye mkeka, blauzi imefunguliwa na mtandio juu yake, Aziza ndani, mashavu yamejaa. Wakampima. Kilo tatu na nusu. Dokta akashika miguu ya mtoto, kisha mikono, akaridhika.

"Mama," akamwambia kwa Kiswahili chake ambacho sasa kilikuwa cha Kindu kabisa, "mutoto sasa iko na joto yake mwenyewe. Anaweza kulala kwa kitanda."

Mama Sakina alimchukua kutoka kwenye mizani, akamrudisha kifuani, akafunga kitenge na kuvuta mtandio.

"Yeye anaweza," akasema. "Mimi bado."